Ni Nani Aliyemfukuza? Rai Kuhusu Kijana, Raha na Nyika

Makala haya yamezaliwa na swali la nyanya yangu, mwanamke ambaye hakuvuka darasa la pili na ambaye aghalabu hujibu swali kwa swali. Likizo moja nilirudi nyumbani Burnt Forest nikiwa na kitabu cha Jon Krakauer kiitwacho Into the Wild, kilichochapishwa mwaka 1996 na kutengenezewa filamu mwaka 2007. Usiku ule tulikuwa jikoni tunaota moto. (Msomaji asiyeijua baridi ya kwetu na amuulize yeyote aliyewahi kushuka garini alfajiri kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret.) Nyanya akataka kujua kitabu chenyewe kinasema nini hata nikakosa kumsaidia kumenya viazi. Nikamsimulia.

Nilimweleza habari za Christopher McCandless, kijana wa Kimarekani, mwana wa mhandisi, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Emory mwaka 1990. Badala ya kutafuta kazi, alitoa akiba yake, takribani dola 24,000, kwa shirika la misaada, akaliacha gari lake jangwani, akazitia moto noti alizobaki nazo, akaanza kutangatanga bila kuwaaga wazazi wake. Mnamo Aprili 1992 aliingia peke yake katika msitu wa Alaska akiwa na bunduki, vitabu na mfuko mdogo wa mchele. Mwezi wa Septemba mwaka uo huo wawindaji waliukuta mwili wake ndani ya basi kuukuu lililotelekezwa porini. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Nyanya alinyamaza. Akasukuma ukuni mmoja ndani ya jiko, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, ni nani aliyemfukuza?"

Nikamwambia kwamba hapakuwa na aliyemfukuza. Alikwenda kwa hiari yake. Hakuridhika. "Kijana mwenye wazazi walio hai na nyumba isiyovuja hawezi kwenda kulala msituni hivi hivi," alisema. "Yuko aliyemfukuza. Labda kitabu chako hakikumwandika."

Nimelibeba swali hilo hadi chuoni, na nakiri kwamba limenisumbua kuliko maswali mengi ya mtihani. Nilipolitaja mbele ya wenzangu wa chama, baadhi yao walicheka, wakasema kwamba kuacha raha na kwenda kuishi nyikani ni maradhi ya Wazungu walioshiba. Wengine, hasa wale waliokuwa wameitazama ile filamu, walimwona kijana yule kuwa shujaa aliyevunja minyororo. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya haya mawili, na ningependa kueleza kwa nini, nikianzia pale nilipozaliwa.

Jina la kwetu lenyewe ni jina la majivu. Burnt Forest ni msitu uliounguzwa, na walioupa mji jina hilo hawakuwa wenyeji. Uwanda huu wa Uasin Gishu umewahi kuitwa nyika tupu mara nyingi, na kila mara aliyeuita hivyo alikuwa na sababu yake. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Mayahudi uwanda huu wawe na makao yao, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukakataa. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda hapa kwa magari ya kukokotwa na maksai. Wazao wa wasafiri wale huyasimulia masaibu ya safari ile kama kisa cha mashujaa waliokwenda kuanza maisha mahali pasipokuwa na mtu. Ilhali Uasin Gishu ni jina la Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo yao hapa, na baada yao Wanandi walilisha yao. Ardhi yenye jina la watu haiwezi kuwa tupu. Aliyeiita tupu alikuwa hajauliza.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayonifanya nilitilie shaka neno nyika linapotumiwa kwa mapenzi mno. Sababu ya pili iko karibu zaidi na jiko la nyanya. Mwaka uo huo wa 1992, kijana yule alipokuwa akiutafuta msitu wa Alaska kwa hiari, watu wa Burnt Forest walikuwa wakikimbia nyumba zao zilizokuwa zikiteketezwa katika mapigano ya kikabila yaliyoandamana na uchaguzi wa kwanza tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi. Walilala vichakani, kisha wakajazana katika nyua za makanisa na pembezoni mwa maduka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mambo yakarudi yale yale, na Januari 2008 moshi ukatanda tena juu ya mji wenye jina la moto. Nyanya alilala porini katika nyakati zote mbili. Mtu aliyelala porini namna hiyo, akiwa amemziba mtoto mdomo asilie, anapoambiwa kwamba kuna kijana aliyekwenda kulala huko kwa kupenda, ni haki yake kuuliza aliyemfukuza ni nani.

Kwa hiyo naanza kwa kukubali jambo moja ambalo wapenzi wa kisa cha McCandless hulipitia juu juu: ili mtu aiache raha, sharti kwanza awe nayo. Maskini hawezi kuuasi utajiri. Mkimbizi wa ndani aliyeishi hemani miaka miwili hawezi kusifiwa kwa kuchagua maisha sahili. Upweke wa hiari una bei, na kuna wengi ambao hawajawahi kuimudu bei hiyo.

Hata hivyo, ningekuwa nawadanganya wasomaji wangu lau ningeishia hapo na kukubali kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Kiswahili chenyewe kinanikanusha. Sisi wanafunzi wa lugha hii tuna desturi ya kukimbilia maneno mapya na kuyasahau yaliyomo ghalani. Hebu tuyatazame. Tuna upweke na tuna ukiwa, na maneno haya mawili si pacha. Mpweke huenda akawa ametaka kuwa peke yake, mkiwa ameachwa. Tuna faragha, ambayo mtu huitafuta kwa muda mfupi. Tuna itikafu, ambapo Mwislamu hujifungia msikitini kwa ibada, hasa katika kumi la mwisho la mwezi wa Ramadhani. Tuna eda, ambayo mjane huikaa miezi minne na siku kumi. Tuna utawa. Tuna jando na unyago, na huko bara kwetu, miongoni mwa Wakalenjin, kuna menjo, kibanda cha wari wa kiume kilichojengwa mbali na nyumba, ambamo vijana walikaa kwa miezi mingi zamani na sasa hukaa majuma machache tu ya likizo ya mwisho wa mwaka, maana shule hazingoji.

Tazama jambo linalofanana katika desturi hizi zote. Anayejitenga anajua siku ya kurudi. Yuko anayempelekea chakula. Yuko aliyepita njia ile ile kabla yake na ambaye anamwelekeza. Na anaporudi, anapokelewa akiwa mtu mwingine, pengine kwa jina jipya na nguo mpya. Babu zetu hawakudhani kwamba kijana hahitaji kuondoka nyumbani na kukaa mbali na starehe ya mama yake. Walijua fika kwamba anahitaji, tena walimlazimisha. Walichokataa ni kwamba aondoke bila njia ya kurudi.

Na hapa nafika kwenye sehemu ya kisa cha Alaska ambayo watu hawaikumbuki sana. Mnamo Julai 1992 McCandless alifungasha virago vyake akaanza kutoka msituni. Inaonekana alikuwa ameshapata alichokuwa akikitafuta, au ameshachoka. Vyovyote vile, alikuwa anarudi kwa watu. Alipoufikia mto Teklanika, ambao aliuvuka kwa urahisi mwezi wa Aprili, aliukuta umefurika kwa theluji iliyoyeyuka. Akageuka, akarudi kwenye lile basi, na wiki chache baadaye akafa kwa njaa. Sidhani kwamba kijana huyo aliuawa na nyika. Alikosa mtu wa upande wa pili wa mto aliyejua kwamba yumo ndani na kwamba siku fulani atataka kuvuka.

Neno nyika nalo lina hadithi yake, na nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili siwezi kulipita. Watu wa mijini pwani waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, yaani watu wa porini. Majirani hao walilikataa jina hilo, na katika karne ya ishirini wakajulikana kwa jina walilolipenda, Mijikenda, miji tisa. Mji wenyewe, kaya, ulikuwa katikati ya msitu. Misitu hiyo ya kaya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Alichokiita mmoja nyika, mwenzake alikiita mji. Jambo hili si la pwani peke yake. Mwezi wa Januari 2014, katika msitu wa Embobut ulioko Elgeyo-Marakwet, si mbali sana na kwetu, nyumba za Wasengwer zilichomwa katika operesheni ya kuwaondoa humo, eti kwa sababu msitu si mahali pa kuishi watu. Kijana wa mjini akitaka kwenda kupiga kambi mwituni ili aitafute nafsi yake, atalipa ada, atapewa risiti. Mzee aliyezaliwa humo anaitwa mvamizi. Sijui kama kuna kinaya kinachozidi hicho katika riwaya zetu zote.

Tukigeukia fasihi, watakaonipinga watanikumbusha Fumo Liongo. Naye aliyaacha maisha ya kimwinyi akaishi porini na wawindaji wa bara. Lakini tusilazimishe mfano. Liongo alikwenda porini kwa sababu kulikuwa na mfalme aliyetaka kichwa chake, na hata wale wenyeji wa pori walihongwa wamuue. Wakabuni hila ya kupokezana zamu za kupanda mkoma, ili zamu yake ikifika wamlenge akiwa juu ya mti. Yeye akaziangusha koma kwa mishale akiwa chini. Kwa Liongo, swali la nyanya lina jibu lililo wazi. Ndivyo ilivyo pia kwa Muthoni wa Kirima, aliyeingia msitu wa Nyandarua wakati wa vita vya Mau Mau na kutoka mwaka 1963, na ambaye nywele zake alizozifuga tangu enzi za msituni hazikunyolewa hadi mwaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Hawa walifukuzwa na dhuluma.

Mfano ulio karibu zaidi na tunaoutafuta ni ule wa Jane Goodall, katibu muhtasi wa Kiingereza aliyekuja Kenya mwaka 1957, akakutana na Louis Leakey, na mnamo tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, akashuka kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, pale Gombe, kwenda kuwatazama sokwe. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, na magazeti mengi yakamkumbuka kama msichana aliyeishi peke yake msituni. Si kweli kabisa. Wakuu wa kikoloni walikataa asiende peke yake, kwa hiyo alifuatana na mama yake mzazi. Alikuwako pia mpishi, aliyeitwa Dominic. Sisemi haya ili nipunguze sifa zake, maana kazi aliyoifanya ilibadilisha jinsi tunavyomwelewa mnyama na mtu. Nasema tu kwamba tunaposoma habari za mtu aliyekwenda peke yake nyikani, tuwe na tabia ya kuuliza aliyekuwa akipika ni nani. Isitoshe, kuwako kwa mama kule Gombe hakukumharibia binti yake nyika yake hata kidogo. Mama alikaa kambini miezi michache, akawagawia dawa wavuvi waliougua, na binti akapanda milimani kila asubuhi.

Ukitoka Burnt Forest kuelekea kaskazini, hufiki mbali kabla ya kuingia Kaptagat, na hapo utakutana na mtu ambaye kwa maoni yangu amelitatua fumbo hili vizuri kuliko wanafalsafa wengi. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Alishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, mwaka 2016 na mwaka 2021. Mwaka 2019 pale Vienna alikimbia masafa hayo kwa saa 1:59:40, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kulifanya. Alikuwa na mali ya kumtosha kulala juu ya godoro la manyoya. Hata hivyo, kwa miaka mingi aliiacha nyumba yake na familia yake Eldoret kila Jumatatu, akaenda kambini Kaptagat, ukingoni mwa msitu, akalala katika chumba cha kawaida, akashika zamu ya kusafisha choo sawa na vijana ambao hata tiketi ya ndege hawajawahi kuiona. Jumamosi akarudi nyumbani. Kocha wake, Patrick Sang, alikuwa ameshinda medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka wa 1992. (Nao mwaka huu wa 1992 umekataa kuniacha.) Watu wa kwetu hawamwiti Kipchoge mwendawazimu. Wanasema yuko kambini, kwa sauti ile ile ambayo wazee walitumia kusema kwamba fulani yuko menjoni.

Atakayesoma hadi hapa ataniuliza: sasa tatizo liko wapi? Mbona usiseme tu kwamba kujitenga ni kuzuri, mradi pawe na utaratibu?

Tatizo ni kwamba nimekuwa nikizungumzia mifano ya mbali ili nisiuseme wa karibu.

Nina binamu yangu, mkubwa kwangu kwa miaka sita. Jina lake silitaji, maana si langu kulitoa. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Ndama wawili waliuzwa, harambee ikafanywa, na jina lake likasomwa kanisani. Alihitimu, akapata kazi katika benki moja jijini Nairobi, akanunua viatu ambavyo watoto wa kijijini walivigusa kwa vidole. Mwaka 2021 aliandika barua ya kujiuzulu, akampa jirani vyombo vyake, akapanda gari la usiku, akashuka kabla ya kufika nyumbani, na kwenda kukaa peke yake katika kipande cha ardhi cha marehemu babu, upande wa Timboroa, pale ambapo mashamba yanaishia na msitu kuanza. Huko hakuna umeme. Baridi ya usiku huacha barafu juu ya majani ya viazi. Ilipogundulika kwamba yuko huko, ukoo mzima ulikaa kikao. Wengine walisema amerogwa. Mjomba mmoja alisema amekula pesa za benki anajificha, na alipothibitishiwa kwamba hakuiba chochote, alionekana kusikitika zaidi, maana wizi angeuelewa. Nikatumwa mimi, msomi, nikamrudishe.

Nilimkuta akipalilia viazi. Alinikaribisha vizuri, akanipikia chai isiyo na sukari, akaniuliza habari za chuo na kama bado tunabishana kuhusu ushairi huru. Hakuwa na dalili yoyote ya wazimu niliyoifahamu. Nikamwuliza, kwa maneno ya nyanya, ni nani aliyemfukuza. Alicheka kidogo, kisha akaeleza. Alisema kwamba kwa miaka minne jijini hakupata siku hata moja ambayo simu haikulia ikiomba kitu. Mshahara uligawanywa kabla haujaingia. "Nilikuwa nawajua kwa majina watoto wote niliokuwa nawasomesha," alisema, "lakini mtu angeniuliza napenda kula nini, ningekosa jibu."

Sikujibu kitu, kwa sababu karo yangu ya mwaka wa pili ilitoka kwake. Nilimpigia simu mara tatu katika wiki moja kumkumbusha.

Wanachama wenzangu, hapo ndipo nilipofahamu kwamba nyanya alikuwa amesema kweli na kwamba swali lake lilikuwa limenilenga mimi. Tunaposema kwamba kijana ameacha raha, tunadhani raha ile ilikuwa yake. Kijana wa Kimarekani aliweza kuitoa akiba yake yote kwa siku moja kwa sababu ilikuwa yake. Kijana wa kwetu, elimu yake ni ng'ombe wa watu, suti yake ni mchango wa watu, na usingizi wake una wadai. Ndiyo maana kuondoka kwake kunaitwa wizi, hata kama hakuchukua kitu. Na siwalaumu wanaokuuita hivyo. Walioziuza ndama walikuwa na haki ya kutarajia maziwa. Udugu huo huo ninaoulaumu ndio ulionilipia mimi, na ndio uliowahifadhi wengi wetu mwaka 2008 pale ambapo serikali haikuonekana. Sina nia ya kuubeza. Nasema tu kwamba una mlango wa kuingilia na hatukuuwekea mlango wa kutokea, hata wa kutokea kwa muda.

Watakaosema kwamba kijana huyo angevumilia tu, kama wengine wanavyovumilia, nawaomba wamkumbuke Kazimoto wa Euphrase Kezilahabi katika Kichwamaji (1974). Kazimoto hakwenda msituni. Alibaki miongoni mwa watu, msomi wa chuo kikuu, akiwa amezungukwa na wazazi na rafiki na mke, na mwisho akajiua. Baadaye, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), mwandishi huyo huyo aliwatia wahusika wake safarini katika mandhari ya ukiwa, na wahakiki wetu wamejaza kurasa kueleza falsafa iliyomo. Uhakiki huo ni mzuri. Lakini katika miaka yangu chuoni nimewaona wenzangu wakiandika tasnifu nzuri kuhusu upweke wa wahusika, ilhali mtu wa chumba cha pili amekaa siku tisa bila kutoka na hakuna aliyebisha hodi. Bweni lenye vijana mia tatu linaweza kuwa nyika kuliko Timboroa. Na mtu akizama katika nyika ya namna hiyo, hakuna anayemtuma mjumbe kwenda kumwita, maana anaonekana yupo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na wenye kuyapinga kurasa za jarida ziko wazi kwao. Kijana anapoondoka kwenda kukaa peke yake, tusianze kwa kuuliza ana wazimu gani, wala tusimpigie makofi kana kwamba amekwenda mwezini. Tumuulize aliyemfukuza, tukiwa tayari kusikia majina yetu. Kisha tumwache akae. Binamu yangu hakuwa tayari kurudi, nami sikumlazimisha, jambo ambalo mjomba hajanisamehe hadi leo. Alisema atarudi akishajua. Sikumwuliza akishajua nini. Kila Jumapili hupanda kilimani palipo na mtandao, akaiwasha simu kwa nusu saa, na tumekubaliana nyumbani kwamba katika nusu saa hiyo asiwepo mtu wa kumwomba pesa. Makubaliano haya yamevunjwa mara mbili. Mara moja aliyeyavunja ni mimi, kwa ajili ya ada ya kupiga chapa tasnifu, na sijivunii.

Nilipotoka kwake nilimpitia nyanya kumpa ripoti. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuhusu uhuru wa mtu na wajibu wa jamii. Hakuitaka. Aliuliza anakula nini. Nikamwambia viazi, mboga, na maziwa anayopewa na jirani. Aliuliza kama analala mahali pakavu. Nikasema paa linatosha. Kisha akauliza njia ya kwake ikoje mvua zikinyesha. Nikamwambia kuna kijito, kina gogo la kuvukia, na kwamba gogo lenyewe limeanza kuoza upande mmoja. Nilivuka nikiwa nimevua viatu.

Wiki iliyofuata, nikiwa tayari nimerudi chuoni, nilipata habari kwamba nyanya amemtuma mjomba yule yule, pamoja na wanawe wawili na msumeno, wakakate mkaratusi wa nyuma ya zizi na kwenda kulaza gogo jipya.